Jinsi ya Kumsimamisha Mama wa Taifa Njiapanda

Ndugu fundi, wewe unayechora vibao vya vinyozi na kuta za maduka kutoka Kavimvira hadi Kalundu, ipo siku mheshimiwa atakuita akwambie kwamba Uvira inahitaji sanamu ya taifa. Usipoteze muda kuuliza taifa lina sura gani. Ulaya walishamaliza mjadala huo: taifa ni mwanamke. Kazi yako ni kuchanganya simenti.

Anza kwa kumtafuta mwanamke ambaye hayupo. Mafundi wengi huharibu hapa. Ukimchonga mama anayejulikana, yule anayeanika ndagala ufukweni, kesho jamaa zake watadai fidia na keshokutwa yeye mwenyewe atakuwa na la kusema. Fuata mfano wa mchoraji Mfaransa Delacroix. Mwaka 1830 alimchora Uhuru wa Wafaransa akipita juu ya maiti, bendera mkono mmoja, bunduki mkono wa pili, kifua wazi. Wanawake wa Ufaransa waliokuwa hai, wenye kula na kuugua, walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944. Hesabu hiyo usiiandike kwenye sanamu. Ni kweli kwamba baadaye Marianne, mama wao wa taifa, alipewa sura ya mwigizaji Brigitte Bardot, lakini wenye hela hupenda kulegeza masharti.

Mpe silaha, na umwekee mbali mahali pa kuzitumia. Mjerumani Philipp Veit alimchora Germania, mama wa taifa lao, mwaka 1848 na upanga, bendera na pingu zilizovunjika miguuni, naye akatundikwa ukumbini juu ya wabunge waliokutana Frankfurt. Wabunge wote walikuwa wanaume. Wanawake waliruhusiwa kuketi roshanini na kutazama, na mmoja wao alikuwa turubai.

Ukishamvisha, usimsafirishe ovyo. Wajerumani walipotawala ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, Germania alibaki kwenye stempu za kwao. Stempu za makoloni zilichorwa meli ya Kaizari. Ziwani walileta Hedwig von Wissmann, nayo ilikuwa boti yenye jina la mke wa gavana wa zamani. Ilizama tarehe 9 Februari 1916 kwa mizinga ya Waingereza, Wabelgiji wakiwa upande wao. Kwa hiyo mheshimiwa akipendekeza jina la mkewe, kohoa kidogo kisha ubadili mazungumzo.

Shule kubwa ya kazi hii, kwa sisi wa pwani hii, iko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa 1910. Mchongaji Arsène Matton alitumwa Kongo mwaka 1911, akachukua sura za watu kwa plasta, akarudi nazo. Angalia ufundi: Mkongo alitoa uso wake halisi, Ubelgiji ikatoa mwanamke wa kubuni. Sanamu zilipokamilika zikapakwa dhahabu na kupandishwa ukutani. Majina yake yanasema hivi: Ubelgiji inaleta usalama Kongo. Ubelgiji inaleta ustawi Kongo. Mwanamke yule ni mrefu, ametulia. Wakongo ni wadogo na wamemsogelea. Basi, kipimo ni hicho: anayeokolewa asifike begani kwa anayeokoa, hata kama ndiye aliyebeba mizigo yote ya safari. Na mama huyo wa dhahabu, mwenye kuleta kila kitu, kwao alikuwa bado hana kura ya bunge. Wanawake wa Ubelgiji waliipata mwaka 1948.

Huhitaji kusema uongo mtupu. Nusu hufanya kazi vizuri zaidi. Kwenye ukumbi huohuo wa Tervuren iko pia sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa, na babu zetu walimjua vizuri Rumaliza wa Ujiji, ambaye watu wake walipora hadi kaskazini mwa ziwa. Kinachokosekana ni Émile Storms, afisa wa Kibelgiji aliyekaa Mpala, kwenye ufuo huuhuu wa magharibi, na ambaye mwaka 1884 watu wake walimkata kichwa chifu Lusinga. Fuvu likaenda Ubelgiji. Upande ule wa usalama hakuna aliyefikiria kulipaka dhahabu.

Chagua ukuta kwa makini pia. Jumba lile linalindwa na sheria ya urithi, kwa hiyo ilipofika zamu ya kuona haya, sanamu hazikuweza kung'olewa. Msanii Mkongo Aimé Mpane, pamoja na Mbelgiji Jean-Pierre Müller, wakazifunika kwa vitambaa vyepesi vyenye picha nyingine, na Mpane akasimamisha ukumbini fuvu la Lusinga la mbao. Nyumbani kwetu urithi haulindwi hivyo; mvua ya mtaa wetu wa Mulongwe huenda ikakusaidia.

Utajaribiwa kumchora Mamba Muntu, yule wa ziwani mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, saa mkononi na nyoka. Picha yake imepamba sebule nyingi za Kongo. Mheshimiwa atakataa, na ninamwelewa: Mamba Muntu akikupa utajiri hukutajia bei waziwazi, tena kabla. Mama wa taifa hana tabia hiyo.

Limebaki suala la saini. Hadi 2016, mke wa Kikongo alihitaji ruhusa ya mumewe kwa mujibu wa kifungu cha 448 cha sheria ya familia ili afunge mkataba. Mama wa taifa, kwa kuwa hana mume, angeweza kusaini peke yake tangu zamani, ila mikono yake imejaa upanga na bendera. Mkataba utasainiwa na mheshimiwa.

Jina lake liweke chini ya miguu ya mama, kwa herufi kubwa kuliko neno Kongo. Kibao kikaze kwa skrubu, usikijengee kwa simenti. Waheshimiwa hubadilika, na bisibisi ni rahisi kuliko sanamu mpya.