Kesi ya Mwanambuzi

Katika wilaya ya Marshall, jimbo la Tennessee, Marekani, mbuzi waliitisha baraza. Asubuhi ile lango lilibamizwa, Mwanambuzi akashtuka, akaanguka mbele ya wageni, miguu juu. Pale pale alipolala Beberu alimtukana: mwoga, aibu ya zizi.

Barazani Beberu alimgeukia mama. “Ulipokuwa na mimba ulikula nini? Kwetu hakuna ugonjwa huu.”

Katika mashauri ya namna hii huhojiwa mama. Baba hukalia kiti cha hakimu.

Bundi, alalaye darini kwa daktari wa mifugo, aliomba kusema. “Wazee wangu, mababu zenu wanne walioletwa hapa na John Tinsley miaka ya 1880 walikuwa wakianguka vivyo hivyo. Si woga. Ni jeni iitwayo CLCN1, yenye maagizo ya kuunda vijia vya kloridi kwenye utando wa msuli. Msuli ukishakaza, kloridi husaidia kuutuliza. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba katika mbuzi kama ninyi asidi amino moja tu ya kijia hicho imebadilika. Basi msuli ukikaza huchelewa kulegea, na kwa sekunde kadhaa mbuzi anakuwa gogo. Hazimii hata kidogo. Nakala moja yenye kosa yatosha, itoke kwa mama au kwa baba.”

“Kwa baba? Nani amewahi kuniona nimeanguka?”

Kweli, hakuna. Aliamka kabla ya wote akazunguka zizi polepole mpaka miguu ilainike, maana misuli hii hulegea kadiri inavyotumika. Barazani alifika wa kwanza, akaketi.

Bundi aliendelea. “Kwa binadamu, daktari Julius Thomsen alikuwa na ugonjwa wa aina hii, yeye na ukoo wake. Mwanawe alipodhaniwa anajifanya mgonjwa ili akwepe jeshi, baba aliuandika hadharani, mwaka 1876, akijitaja mwenyewe.”

Beberu aliinuka kwa ghadhabu amkatize. Upepo ukalibamiza lango. Ba! Akaanguka kiubavu, shingo imenyooka, macho wazi. Mwanambuzi naye akaanguka mbele yake, wakatazamana.

Taya zilipolegea, Beberu aliuliza, “Mwanangu, asubuhi, ulipokuwa chini, ulinisikia?”

“Kila neno, Baba.”