Nundu ya Ndege

Ndege nyingi za safari ndefu siku hizi zina nundu mgongoni, utadhani ng'ombe wa kienyeji. Chini ya nundu hiyo kuna antena ya intaneti, na wahandisi wameitolea jasho. Lazima iiandame setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huku ndege ikikata kona kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa. Kifuniko chake kistahimili radi, mvua ya mawe, hata tai aliyepotea njia. Kikikamilika, wenzao wa mafuta wananuna: nundu inakamata upepo.

Yote hayo ili mheshimiwa wa kiti cha dirishani awarushie wa ukoo picha ya kuku na wali: "Tuko juu ya Bahari Hindi, msinune." Jibu likichelewa nusu sekunde, anasonya. Ishara imepanda na kushuka mara mbili kwa kasi ya mwanga, lakini yeye amelipia.

Boeing nayo iliingia kwenye biashara hii kwa mbwembwe: huduma yake ya intaneti ya ndegeni, Connexion, ilianza na abiria wa Lufthansa mwaka 2004, na 2006 ikatangazwa kufungwa. Wateja hawakutosha.

Lakini setilaiti si za picha za kuku tu. Mwaka 2014 ndege ya abiria ya Malaysia, MH370, ilipotea. Watafutaji waliambulia salamu chache kati ya mtambo wake na setilaiti ya kampuni ya Inmarsat, zisizotaja ilipo. Kanuni ya kimataifa inayoyataka mashirika yajue ndege ilipo kila dakika 15 juu ya bahari ilianza kutumika Novemba 2018. Vikao, bwana, navyo vina ratiba yake.