Mwongozo wa Kufuga Kuvu kwa Wasio na Banda

Kuku wa mayai anadai chanjo. Ng'ombe wa maziwa anadai majani ya kununua, na akiumwa anadai daktari. Kuvu hadai chochote ila unyevu, cha kula, na hewa isiyotembea, na nyumba nyingi za Pwani zimeshakamilisha masharti hayo bila mkopo wa benki.

Anza na kabati. Lisukume hadi ligande ukutani, hasa ukuta unaopakana na bafu, kisha ulijaze nguo zilizokauka nusu. Msimu mzuri ni masika, Machi hadi Mei. Madirisha yafungwe usiku kwa sababu ya mbu na mchana kwa sababu ya wezi. Baada ya muda viatu vya ngozi vitavaa koti la kijivu, na suti ya harusi itanuka kiasi cha kukuombea udhuru wa kutohudhuria. Doa likijitokeza ukutani, usihangaike na bomba linalovuja nyuma yake. Paka rangi juu, siku mbili kabla ya Idi. Wageni watakusifu, na mfugo ataendelea na shughuli zake chini ya rangi.

Jikoni mpe mkate wa slesi. Uache ndani ya mfuko wake wa nailoni, juu ya friji, palipo na joto. Wahenga walitufundisha kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu siku ya tatu ndiyo kwanza anapiga hodi. Likionekana doa la kijani, kata kona hiyo uwaandalie watoto iliyobaki. Kinachoonekana ni sehemu inayotoa mbegu tu, nyuzi zake zimeshatambaa ndani ya mkate, lakini nani ataziona? Mtu akikulaumu kwa uchafu, mtajie Alexander Fleming, aliyerudi kutoka likizo mwaka 1928 hospitalini St Mary's, London, akakuta kuvu ameota kwenye sahani ya bakteria wake na kuwaua waliokuwa jirani. Ndiko penisilini ilikotoka. (Usimwambie kwamba ilichukua zaidi ya miaka kumi, na kazi ya wanasayansi wa Oxford, mpaka ikawa dawa. Wala kwamba sahani yako ina makande ya juzi.)

Hamira naye ni kuvu, lakini kwa kuwa anaumua maandazi tumemsamehe ukoo wake. Mapunye hayahitaji mafunzo: mtafute kinyozi ambaye mashine yake haijawahi kuonja spiriti. Uyoga wa mamama nimeuruka kwa makusudi, maana mkulima wake huchemsha majani makavu na kunawa mikono kabla ya kupanda, na usafi wa namna hiyo unatuvunjia heshima.

Mfugaji halisi hupimwa kwa mahindi.

Ukishavuna, yaanike juu ya udongo mtupu, kwa kuwa kuvu aitwaye Aspergillus flavus anaishi humo humo na hatatozwa nauli. Mvua ikinyesha usiku, lala. Kupukuchua, jaza gunia ulitwange kwa magongo; kila punje iliyopasuka ni mlango. Kisha pakia kabla hayajakauka, maana bei ni nzuri na mnunuzi anapiga simu, uyapange sakafuni yakiegemea ukuta. Wataalamu wanataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wataalamu hawana ada za shule za kulipa.

Malipo yake ni sumukuvu, ambayo haina rangi wala harufu, na haiishi kwa kusonga ugali moto mkali. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka huwa hatangazwi redioni. Yeye huugua ini.

Punje zilizooza usizitupe. Hapo ndipo ubahili wetu unapong'aa. Mpe ng'ombe, naye atakurudishia sehemu ya sumu ndani ya maziwa. Zinazobaki zichanganye na nzima uzipeleke mashineni, kwa kuwa unga hauna macho, au zipikie pombe, ambayo mnywaji haikagui. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni Namanga. Kwa siku chache hizo tulijadili uzalendo kwa mapana, unyevu kwa ufupi. Zuio likalegezwa kwa sharti la cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Onyo la mwisho ni kuhusu maadui wa ufugaji huu. Utawatambua kwa turubai wanaloanikia, chaga wanazowekea magunia, na mifuko isiyopitisha hewa. Aliye hatari kuliko wote ana chupa kavu ya kioo. Anatia mahindi humo, anaongeza chumvi kavu, anatikisa, anasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anarudisha mahindi juani. Hana mashine, hana shahada, na chumvi ni ya dukani kwa Mangi. Akija kukuazima chupa, mwambie imevunjika.