Ndama Aliyeleta Mapunye

Mama alikuwa ameshauvunja wembe katikati, nusu ameishika kwa kitambaa. Maji ya chumvi yanachemka jikoni, na kijana wa kaka yangu, wa Darasa la Tano, amekalishwa kwenye kigoda, kichwa chini, machozi yanamtiririka. Juu ya sikio lake la kushoto palikuwa na uvimbe laini kama andazi lililoumuka, usaha unachuruzika kwenye vitundu vya nywele. Mama hakuwa na shaka kwamba ni jipu. Majipu ameyapasua tangu ujana wake, na wengi hapa mtaani kwetu Tukuyu wana makovu ya mkono wake.

Wifi yangu alisimama mlangoni na uchungu wote wa mzazi, lakini hakuthubutu kumnyang'anya mama mkwe wembe. Ikabaki kazi yangu mimi shangazi.

"Mama, nakuomba usipasue. Twende naye hospitali kwanza. Wakisema ni jipu, watalipasua wenyewe."

"Hospitali kwa jipu, mwanangu?"

"Kwa jipu, mama."

Alinyamaza kidogo, akaiweka ile nusu ya wembe juu ya kabati. Kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha, tukatoka wote watatu chini ya mwavuli mmoja.

Afisa tabibu wa zamu hakutoa kisu. Alishika kibanio, akavuta nywele nne tano kwenye ule uvimbe, nazo zikatoka bila mtoto kushtuka. Akasema ni mapunye. Mama alikataa palepale: mapunye anayajua, ni mabaka makavu yenye magamba meupe, nywele zimekatikia chini, tena hayaumi. Yule tabibu alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamweleza kwa adabu kwamba hayo ni mapunye ya kuambukizana watoto kwa watoto. Haya yametoka kwa mnyama. Mwili wa binadamu ukikutana na fangasi ya mnyama huishtukia kwa nguvu zote, ngozi inavimba na kujaa usaha. Ukipasua hupati nafuu. Unaongeza jeraha, na kovu likishakaa, nywele hazioti tena mahali pale.

Kisha akauliza swali lililotufanya tutazamane: "Nyumbani mna ndama?"

Ndama tulikuwa naye. Kaka alimnunua mvua zilipoanza, ndama jike wa ng'ombe wa maziwa, mzuri wa umbo. Kuzunguka macho na shingoni alikuwa na magamba mazito ya kijivu, manyoya yamenyonyoka. Aliyemuuza alisema ni ya mvua, yatapukutika yenyewe. Kwamba hupukutika ni kweli, mara nyingi baada ya miezi miwili mitatu. Asichosema ni kwamba yanapopukutika huacha mbegu za fangasi kwenye nguzo, mbao na matandiko ya banda, na humo zinaweza kuishi miezi mingi, hata miaka. Kijana ndiye aliyekuwa akimpelekea majani, na kila jioni alimkumbatia shingoni huku amevaa mzula wake wa sufu. Mzula huohuo dada yake mdogo, kifunga mimba wetu, aliuvaa kila alipoona baridi. Na Tukuyu baridi haikosekani.

Tuliporudi, nikawakagua wote pale sebuleni, mmoja baada ya mwingine.

Kifunga mimba alikuwa na choa mkononi. Choa utakijua kwa ukingo wake: duara linalopanuka polepole, pembeni pameinuka na pana magamba na vipele vidogo, katikati ngozi imetulia kana kwamba imepona. Vitabu vingi huandika kwamba ukingo ni mwekundu. Kwenye ngozi zetu usingoje wekundu, kwa kuwa mara nyingi utaona weusi uliokolea au ujivujivu. Mama alikuwa amekisugua kwa kitunguu saumu kwa siku kadhaa, na ngozi ikaungua ikatoa malengelenge. Mtoto alikuwa akificha mkono ule asisuguliwe tena.

Kaka yeye alikuwa na yake miguuni. Kutwa yuko kwenye chai na gambuti, soksi mbichi. Kati ya kidole kidogo na kile kinachokifuata ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inachanika na kunuka. Alikuwa ameizoea, anaiita miguu ya mvua.

Lakini aliyeniuma zaidi ni wifi. Baka lilimtoka shingoni, akaenda duka moja la dawa, akauziwa tyubu ya mchanganyiko bila hata mtu kumwambia afungue kitenge alionyeshe. Ndani ya tyubu zile mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali ya kutuliza mwasho. Siku za mwanzo mwasho ulikwisha, akaisifia hadi kwa majirani. Akiacha kupaka, unarudi. Akipaka tena, baka linatambaa. Nilipomwona lilikuwa limeshuka hadi kifuani, limepoteza duara lake, na ngozi imeanza kuwa nyembamba. Steroidi hulaza kinga ya ngozi, kwa hiyo mwasho unatulia huku fangasi ikiendelea kula. Watu wanaouza dawa hizi kama pipi wanawaumiza akina mama wengi, na nalisema hili kwa uchungu.

Wifi alipokwenda kuonwa, tabibu alimpitishia pamba juu ya baka, akamwambia afumbe macho aseme anapoguswa. Alisikia kila mguso. Nilimshukuru kwa kipimo hicho kidogo, kwa sababu baka lililopauka, lisilowasha na lisilosikia kitu, huenda likawa ukoma, na ukoma hautibiwi kwa krimu. Fangasi iliyoenea mwili mzima au isiyosikia dawa nayo ina maswali yake: mtu apimwe sukari na apimwe virusi vya UKIMWI, bila kuoneana haya.

Kwa choa tukapewa krimu ya klotrimazoli. Hupakwa mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo wa baka kwenda ngozi inayoonekana nzima, na huendelea kwa wiki moja au mbili baada ya baka kufutika. Mahali isipopatikana, marhamu ya Whitfield, ya bei nafuu na ya siku nyingi, bado ni dawa ya kweli, ila isipakwe usoni, kinenani wala kwenye ngozi iliyochubuka.

Mapunye hayaponi kwa kupaka. Fangasi imeingia ndani ya shina la unywele, krimu haiifikii, lazima dawa imezwe. Kijana alipewa grisiofulvini kwa uzito wake, dawa ya wiki sita hadi nane. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1939, lakini ilikuwa 1958 ndipo J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba ikimezwa inatibu fangasi ya ngozi. Aliowatibu walikuwa simbilisi, wanyama walewale wanaofugwa majikoni huku nyanda za juu kusini. Nao simbilisi huweza kumwambukiza mtoto fangasi kama ndama, kwa hiyo nao wakaguliwe manyoya.

Grisiofulvini hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, na hapo wilaya yetu ya Rungwe haina shida: maziwa yasiyoenguliwa yapo, maparachichi yapo. Mama, yuleyule wa wembe, alijitwalia kazi ya dawa. Kila asubuhi alisimama juu ya mjukuu wake na kikombe cha maziwa, na kila kidonge kilichomezwa alikichorea mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Uvimbe ulipolala na nywele kuanza kuchipua, kijana alitaka kuacha, na wifi naye akapiga hesabu ya bei. Mama aliwaonyesha ukuta. "Bado nafasi iko," akasema, na hakuna aliyebisha.

Kazi kubwa ilikuwa nguo. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayotupa chai na migomba, na ndiyo inayofanya sweta la shule lianikwe Jumatatu na kuvaliwa Jumatano likiwa bichi. Tulichemsha mataulo, foronya na mizula kwenye sufuria kubwa, tukakausha juu ya jiko la kuni, kisha pasi ya mkaa ikapita kila pindo. Kila mtu akapata taulo lake na kitana chake. Kaka alianza kukausha katikati ya vidole kabla ya soksi, na jioni gambuti zinageuzwa mdomo chini karibu na moto. Kinyozi tulimwomba asafishe mashine kwa brashi na spiriti kabla ya kumgusa kijana, naye hakuchukia.

Ndama hakuuzwa. Bwana mifugo alitufundisha kumtenga, kulainisha magamba kwa maji ya sabuni, kuyaondoa kwa mikono iliyovaa mifuko ya plastiki na kuyachoma, kisha kumpaka ayodini. Kaka alitoboa banda upande wa mashariki jua liingie, akasugua nguzo zote kwa jiki. Watoto walikatazwa kumshika mpaka manyoya yalipoota.

Mzazi mwenzangu wa Rungwe, ukiona uvimbe wa usaha kwenye kichwa cha mtoto na nyumbani mna ndama au simbilisi, weka wembe chini, umpeleke hospitali mapema kabla kovu halijashika. Ukiuziwa tyubu dukani, uliza kama ina steroidi, na ikiwa ni betamethasoni au klobetasoli iliyochanganywa, usiipake kwenye choa. Mtoto mwenye mapunye aliyeanza dawa anaweza kwenda shule. Asirudishwe nyumbani wala asichekwe, ila kofia yake asimwazime mwenzake. Na dawa imalizwe hata kama nywele zimeshaota, kwa sababu fangasi iliyobaki kichwani hurudi.