Imeingia Bila Tabu

Kufuli la jirani likikataa ufunguo wako, unajua papo hapo na kurudi nyumbani. Disketi ya inchi tatu na nusu haina uungwana huo. Isukume kwenye kompyuta yoyote yenye mlango wake, italia "kwacha!", na wote waliopo wataamini kazi imekwisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kwaya yetu ya Mamboya ilikuwa na Macintosh Plus, toleo la 1986, zawadi ya mgeni kutoka Uingereza. Printa hatukuwa nayo. Printa ilikuwa Kilosa mjini, kwenye duka la steshenari, na kompyuta ya pale ilikuwa ya ukoo wa IBM. Kutoka moja hadi nyingine ilikuwa ni kushuka mpaka Magubike, kudandia basi la kwenda Dumila, halafu kukata kona na kula vumbi la Rudewa.

Orodha ya michango ya sherehe ikasafiri njia hiyo, mfukoni mwa katibu. Kijana wa duka alimwamkia, akaipokea disketi kwa mikono miwili, akaipachika.

"Imeingia, mzee wangu."

Kompyuta ikauliza, kwa Kiingereza chake, kama disketi hii ambayo haijaandaliwa iandaliwe sasa. Kijana aliyelelewa vizuri hamkatalii anayeomba kwa adabu.

"Majina yako wapi, mwanangu?"

"Imeniomba ruhusa, mzee, nikaipa. Sasa ni safi kabisa."

Na kweli ilikuwa safi.

Simlaumu kijana. IBM huizungusha disketi ya namna ile kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho, na kila duara la data hugawiwa vyumba tisa. Macintosh hupunguza mwendo ikiwa ukingoni, kwenye maduara marefu, ikapenyeza humo vyumba 12. Kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyokaza mwendo na kupunguza vyumba, hadi vinabaki vinane. Ndiyo maana disketi ileile hubeba kilobaiti 720 kwa huyu na 800 kwa yule. Akili nyingi sana, ila IBM ikisoma humo inaona vurugu tu, na kwa tabia yake, ikiona vurugu inaomba kufagia.

Kamati ikakaa. Ikaamuliwa inunuliwe disketi ya bei kubwa zaidi, ile yenye matundu mawili, ya megabaiti 1.44. Macintosh Plus haina jicho la kuliona tundu la pili, kwa hiyo iliiandika kwa mtindo wake uleule wa zamani. Safari hii alipewa kondakta, naye akaiweka mahali alipoona ni salama kuliko kote ndani ya basi: juu ya spika. Sumaku ya spika ile ilimaliza kilichokuwa kimesalia. Mzee mmoja wa sauti ya nne akatukumbusha kwamba serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, yeye aliunga mkono.

Bahati nzuri Macintosh Plus ina mshiko juu. Ilifungwa kitenge, ikapakatwa na katibu hadi Kilosa, na kondakta akaitoza nauli ya mzigo. Pale dukani kompyuta mbili ziliwekwa bega kwa bega. Waya wa printa haukuingia kwenye tundu la printa la Macintosh, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilitufurahisha, maana angalau huo ulisema ukweli. Basi kijana akawa ndiye waya: anasoma jina kwenye kioo hiki, anaandika kwenye kile, jina kwa jina, huku jirani wa duka akimhimiza kwa kahawa.

Karatasi zilirudi Mamboya zikinukia wino. Mama mhazini, aliyechanga shilingi 20,000, akajikuta na 2,000. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akauliza ni kompyuta ipi kati ya zile mbili iliyokula sifuri yake. Kamati ikajibu kwa kauli moja kwamba ni ile ya Kilosa, kwa kuwa haikuwapo kikaoni.