Heri Njia Isiyofika

Mgeni wangu kutoka Dar es Salaam, akiwa hapa Kiranjeranje, alitamani kuyaona mapango ya milima ya Matumbi, yaliyowaficha watu wakati wa Vita vya Majimaji. Tulipoingia njia za Kipatimu akauliza kibao kiko wapi. Maskini, mji umemharibu! Mahali pa kujificha hutangazwa? Kwenye mapango ya Amboni, kule Tanga, kuna kiingilio na wa kukuongoza. Siri imekwishia mlangoni. Sisi tunatunza yetu tangu 1905. Hata mashimo ya barabarani ni mapango ya mazoezi, bure kabisa.

Tena lami ni hatari. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi wetu amesimama Berlin, ana paa, ana taa, ana maelezo yake ukutani. Kungekuwa na lami, si wangebeba na kilima?

Mgeni akauliza kama mapango nayo yasubiri kupelekwa Berlin ndipo yapate kibao. Nikamwambia, kaka, shuka usukume gari.