Matairi ya Mashindano, Safari ya Posta

Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, 1996 na 1997. Sasa kijana wetu wa Tabata, mwenye Impreza WRX, anautafuta wa nne kati ya nyumbani na ofisini Posta.

Kanunua matairi ya mpira laini, yale yanayong'ang'ania lami yakishapata joto. Asubuhi, kwenye mataa ya Buguruni, anayepata joto ni dereva.

Hakuishia hapo. Tairi la 225/45R17, lenye ubavu wa sentimita kumi, kaliona la kizee. Kavalisha rimu za inchi 19 na matairi ya 235/35. Ubavu ukabaki sentimita nane. Gari limependeza, hilo halina ubishi. Ila kila tuta analivuka upande upande kama kaa, huku bajaji zikimpita na abiria wakimpungia mkono.

Masika yakiingia ndipo utamu unakolea. Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyatoa maji chini yake. Ya kwake mifereji ni ya kuhesabu. Mashimo ya barabarani ndiyo hayahesabiki.

Fundi pancha alimwambia: "Kaka, chukua la kawaida linaloshika kwenye maji, na usome tarakimu za ubavuni. Ukiona 2319, ujue ni la wiki ya 23, mwaka 2019." Kijana akacheka. Fundi naye hakubishana: mteja wa aina hiyo ndiye anayemlipia watoto ada.